Mfumo Endeshi katika Biashara Ndogo za Arusha

Biashara ndogo za Arusha hazijawahi kufuata kalenda ya watengenezaji wa mifumo endeshi. Matoleo ya Windows yametoka Marekani, yametangazwa kwa kishindo na kuzeeka, huku maduka ya steshenari ya Kaloleni, ofisi za safari za Barabara ya Goliondoi, maduka ya vipuri ya Barabara ya Sokoine na shule binafsi za Usa River zikiendelea na zilichokuwa nacho mpaka litokee la kuzilazimisha. Lenye kulazimisha mara nyingi lilikuwa nje ya kompyuta yenyewe: printa iliyokufa, mhasibu aliyekuja na programu yake, mteja wa Ujerumani aliyetuma faili lisilofunguka, Mamlaka ya Mapato, au shehena ya kompyuta za mtumba kutoka Ulaya na Dubai. Ukiifuatilia misukumo hiyo kwa mpangilio wa miaka, unaipata historia nzima ya mfumo endeshi chini ya Mlima Meru.

Mwanzo wa historia hiyo ulicheleweshwa na amri ya serikali. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuhamishia hesabu za Hazina kwenye mashine liliharibika vibaya, kazi ikarudishwa kwenye vitabu vya mkono, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni bila kibali maalumu. Arusha ya wakati huo haikuwa mji wa pembezoni. Ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 1967, na kwa ajili ya Jumuiya hiyo likajengwa jengo la mabawa matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Jumuiya ilivunjika 1977, na mwaka uliofuata jengo likafunguliwa kama kituo cha mikutano ya kimataifa, AICC. Pamoja na hadhi hiyo yote, ofisi za kawaida mjini ziliendelea na taipureta, karatasi za kaboni na teleksi.

Marufuku ilianza kulegea katika miaka ya 1980, vibali vikatoka kimoja kimoja, na uchumi ulipofunguliwa baada ya 1986 kompyuta zikaanza kuingia kwa wingi kiasi. Kuchelewa huko kuliacha alama. Mfanyabiashara wa Arusha hakupitia zama za mashine za kujaza chumba, wala zile ndogo za mwanzo zilizokuja na mifumo endeshi ya kila namna na kumlazimu mwenye duka wa Ulaya kuchagua. Alipokutana na kompyuta kwa mara ya kwanza, wengine walikwisha kumchagulia: ilikuwa ni MS-DOS, kioo cheusi na maandishi meupe.

Walionunua mapema walikuwa wachache na wanafahamika kwa kazi zao: wahasibu wa kujitegemea, mawakala wa forodha, wauzaji wa kahawa ya miteremko ya Meru, mashirika ya misaada, na kampuni za safari zilizokuwa na wateja wa kutosha. Programu zilikuwa WordPerfect kwa barua, Lotus 1-2-3 kwa mahesabu na dBase kwa orodha. Maduka mengi ya wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia yalichukua Tally, programu ya uhasibu iliyotengenezwa Bangalore, ambayo iliingia Afrika Mashariki kwa njia ile ile ya bidhaa nyingine za India, kutoka kwa ndugu na washirika wa biashara. Chuo cha Uhasibu Njiro na Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza 1978 kwa msaada wa Ujerumani, vilikuja kuwa chimbuko la vijana waliojua kuziendesha.

Katika zama hizo hakuna aliyejiuliza kama abadilishe mfumo endeshi. Kompyuta iliishi na ule iliokuja nao mpaka ilipokufa. Mwenye biashara alikuwa amenunua Tally, au amenunua uwezo wa kuandika ankara bila kurudia ukurasa mzima kwa kosa moja. DOS ilikuwa sehemu ya mashine kama lilivyo boksi lake. Mtazamo huo, kwamba mfumo endeshi hauna bei wala umri wake peke yake, ulibaki mjini muda mrefu baada ya DOS kusahaulika, na ndio unaoeleza mengi ya yaliyofuata.

Mwaka 1995 mambo mawili yaligongana kwa bahati. Mwezi Februari Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994, iwe na makao yake Arusha. Mwezi Agosti Windows 95 ikaanza kuuzwa duniani. Mahakama ilichukua sehemu kubwa ya AICC na ikakaa mjini hadi mwisho wa 2015. Watumishi wake walitoka nchi nyingi, walipanga nyumba Njiro na Sakina, walikula mahotelini, na walitaka kila anayewahudumia awe na faksi, kisha barua pepe. Wakala wa nyumba au mwenye kampuni ya ulinzi aliyetaka mkataba wao alilazimika kutoa ankara iliyochapwa vizuri.

Kampuni za safari zilisukumwa na barua pepe kwa nguvu zaidi. Hadi katikati ya miaka ya 1990 maulizo ya mgeni yalikuja kwa faksi au teleksi, na jibu liligharimu simu ya nje ya nchi. Watoa huduma wa mwanzo, akiwamo Arusha Node Marie aliyekuja kujulikana kama Habari Node, waliwezesha ofisi ya chumba kimoja kumjibu mteja wa Munich siku hiyo hiyo kwa modemu iliyopiga kelele kwenye laini ya simu. Modemu hiyo ilifaa zaidi kwa Windows 95 na baadaye 98 kuliko kwa DOS. Hivyo ndivyo wengi walivyohama: walikuwa wananunua barua pepe, Windows ikaja ndani yake. Aliyekuwa na Tally hakuitupa kompyuta yake ya DOS. Aliisogeza pembeni ya meza, akaweka mpya kando yake, na mashine mbili zikafanya kazi ofisi moja kwa miaka. Mpangilio huo wa kuongeza bila kuondoa ungali unaonekana.

Mwaka 2000 ulipokaribia, hofu ya tarehe iliyozisumbua benki ilipita kwenye maduka madogo bila kuacha alama yoyote. Kilichoyasumbua ni umeme. Windows 98 ilihifadhi mafaili kwa mpangilio ambao haukuvumilia kukatika kwa umeme katikati ya kazi. Shirika la umeme, TANESCO, lilipokata na kurudisha, kompyuta iliwaka na kioo cha bluu cha ScanDisk, ikakagua diski taratibu, na mara nyingine faili la hesabu za wiki nzima likapatikana vipande vipande. Mwenye uwezo alinunua UPS. Asiye na uwezo alijifunza kubonyeza kitufe cha kuhifadhi kila baada ya mistari miwili.

Ndiyo maana Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001, ilipokelewa vizuri Arusha kuliko toleo lolote kabla au baada yake. Wasifu wake wa kimataifa hutaja sura yake ya rangi na uthabiti wake. Katika mji wenye mgawo wa umeme sifa kubwa ilikuwa moja: ikifungwa kwenye diski iliyopangwa kwa NTFS, ilikuwa na daftari la ndani la mabadiliko ya mpangilio wa mafaili, kwa hiyo umeme ukikatika mashine iliamka ikajua ilipoishia. Ikaongezeka kwamba ilitambua printa na skana nyingi bila kusumbua, na kwamba kompyuta ya megabaiti 128 za kumbukumbu iliiendesha bila taabu. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa biashara ndogo za mji huu kuhama mfumo endeshi kwa sababu ya mfumo wenyewe, na huenda ikawa ya mwisho.

XP ndiyo pia iliyomfanya fundi kompyuta kuwa mtu wa lazima. Kazi yake kuu ilikuwa kupiga Windows, yaani kufuta kilichoharibika na kufunga upya. Alifika na pochi ya sidii zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Kwanza alihamishia mafaili ya mteja kwenye sehemu ya diski inayoitwa D, kwa sababu C ndiyo ingefutwa. Kisha akafunga mfumo, akatafuta draiva ya sauti na ya mtandao, akaweka Office, antivairasi, programu ya kufungua PDF na ya muziki. Akimaliza alichapa ukurasa mmoja wa majaribio, maana mteja hakuhesabu kazi kuwa imekwisha kabla ya printa kutoa karatasi. Ada yake ilikuwa sehemu ndogo mno ya bei ya leseni halali. Biashara iliyompigia simu ilikuwa imefanya uamuzi wa mfumo endeshi bila kujua, kwa kuwa toleo lililofungwa ni lile fundi alilokuwa nalo kwenye pochi na aliloliamini.

Sehemu kubwa ya nakala hizo hazikulipiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ililinda programu za kompyuta kama ilivyolinda vitabu na nyimbo, lakini duka la steshenari liliiona leseni kama jambo la mashirika na mabenki. Madhara yalikuja kwa mlango mwingine. Microsoft ilipoanza mwaka 2005 kukagua uhalali wa nakala kupitia masasisho, mafundi walizima masasisho yote ili kioo kisiwe cheusi na onyo lisitokee. Wateja wakafundishwa kwamba dirisha la kusasisha ni la kufunga, si la kukubali. Tabia iliyozaliwa na nakala za kuiba ikaendelea hata kwa waliokuja kuwa na nakala halali, na iliwagharimu.

Gharama ilionekana kwanza kwenye flashi. Duka la steshenari la Arusha linaishi kwa flashi za watu wengine: mwanafunzi wa Njiro anayechapa ripoti ya utafiti, mwalimu wa Ngaramtoni mwenye mitihani, katibu wa kanisa mwenye ratiba ya ibada. Kila flashi ilileta kilichokuwa kwenye kompyuta iliyotangulia. Kirusi cha Conficker, kilichoanza kusambaa Novemba 2008, kilitumia njia hiyo pia, na kiraka chake kilikuwa kimetolewa mwezi mmoja kabla kwa wale waliokubali masasisho. Vingine vilificha mafaili ya mteja na kuacha njia za mkato tupu, na mhudumu akajifunza amri ya kuyafichua kwa moyo, kama anavyokariri bei ya kurasa. Vibanda vya intaneti, vilivyokuwa vingi kuzunguka Mnara wa Saa na Barabara ya India kwa ajili ya watalii na watumishi wa Mahakama, vilitumia dawa tofauti: Deep Freeze, programu iliyorudisha kompyuta katika hali ya siku ilipogandishwa kila ilipowashwa. Ilifanya kazi vizuri sana. Ilimaanisha pia kwamba mashine ilibaki mwaka ule ule ilipogandishwa.

Palikuwa na mwaliko wa kutoka kwenye mzunguko huo. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, huru na bila malipo, na Microsoft nayo ikaleta sura ya Kiswahili ya Windows XP. Kwenye biashara za Arusha vyote viwili vilipita bila kushika. Aliyejifunza kompyuta alijifunza kwa menyu za Kiingereza, fundi alielekeza kwa simu akitaja maneno ya Kiingereza, na kompyuta yenye menyu nyingine ilikuwa kompyuta isiyo na fundi. Linux, mfumo endeshi wa bure, ilipata nafasi zaidi kwenye seva za watoa huduma za intaneti na katika shule chache, zikiwamo za Karatu zilizopewa kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua. Kwenye kaunta ya duka kizuizi kilikuwa Tally, QuickBooks na draiva za printa, vilivyotegemea Windows. Bei haikuhusika, maana kwa mwenye duka Windows nayo ilikuwa ya bure.

Windows Vista ya 2007 ilirukwa. Ilidai kumbukumbu mara kadhaa ya XP na kompyuta za mtumba hazikuwa nayo. Windows 7 ya Oktoba 2009 ilifika kwa njia iliyokuja kuwa ya kawaida, ndani ya kompyuta iliyotumika kwingine. Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa, iliyotiwa saini Arusha Machi 2004 na kuanza kazi 2005, iliziweka kompyuta kwenye ushuru wa asilimia sifuri katika nchi wanachama. Wafanyabiashara wakaleta makontena ya mashine zilizostaafishwa na ofisi za Ulaya na za Ghuba, hasa Dell Latitude, HP na ThinkPad. Ofisi ya London ikibadilisha mashine baada ya miaka minne, miaka michache baadaye duka la Ngarenaro nalo linabadilisha. Mdundo wa Arusha ukawa mwangwi wa manunuzi ya Ulaya. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inahesabu kwamba kompyuta hupoteza asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Mashine nyingi zilipofika mjini zilikuwa zimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya thamani hiyo kwenye vitabu vya mtu mwingine, na zikafanya kazi miaka mingine sita au saba.

Aprili 2014 Microsoft iliacha kuitunza XP. Magazeti yaliandika, mabenki yalihangaika, na maduka mengi yakaendelea. Haikuwa ujinga mtupu. Mfano mzuri ni ofisi ya mauzo ya jumla yenye printa ya nukta kama Epson LX-300, ile inayogonga utepe wa wino kwenye karatasi zenye mashimo pembeni. Ankara zake ni za nakala tatu za kaboni: nyeupe ya mteja, ya rangi ya stoo, nyingine ya kitabu. Printa ya wino au ya leza haigongi, kwa hiyo haitoi nakala za kaboni. Printa hiyo iliunganishwa kwa waya mnene wa pini nyingi ambao laptopu mpya hazina tundu lake, na toleo la zamani la Tally lilijua kuituma moja kwa moja. Kubadilisha mfumo endeshi kulimaanisha kubadilisha kompyuta, printa, toleo la Tally, aina ya karatasi na mazoea ya mtunza stoo, yote kwa wakati mmoja. Mwenye mali aliyekataa alikuwa amepiga hesabu sahihi. Alichokosea, pale alipokosea, ni kuiacha mashine hiyo kwenye mtandao na kuitumia pia kufungulia barua pepe.

Serikali ndiyo iliyovunja utulivu huo, na haikukusudia kufanya hivyo. Julai 2010 Mamlaka ya Mapato ilianzisha mashine za kielektroniki za kodi, EFD, kwa waliosajiliwa VAT, kisha ikaziteremsha kwa wafanyabiashara wadogo zaidi katika awamu iliyofuata, katikati ya malalamiko na migomo. Mashine nyingi zilisimama peke yake, lakini waliotoa ankara kwa kompyuta walihitaji kifaa cha kuzisaini, nacho kilikuja na programu na draiva zake. Baada ya hapo huduma moja baada ya nyingine ikahamia kwenye mtandao. Malipo ya serikali yakaanza kudai namba ya kumbukumbu kutoka mfumo wa GePG. Wakala wa usajili wa biashara, BRELA, ikafungua usajili wa mtandaoni Februari 2018, na kampuni za zamani zikatakiwa kuingiza upya taarifa zao. Mwaka 2023 manunuzi ya umma yakahamia mfumo wa NeST, na hapo mpishi anayelisha semina za halmashauri au duka linalouza karatasi kwa shule ya serikali hakuwa na njia ya kupata zabuni bila kuingia kwenye mfumo huo.

Msukumo wenyewe ulipita kwenye kivinjari. Google iliacha kutoa Chrome mpya kwa XP Aprili 2016, na kwa Windows 7 mwanzoni mwa 2023. Tovuti za serikali na za benki zilipokaza usalama wa mawasiliano, kivinjari cha zamani kilikataa kuzifungua au kilionyesha ukurasa mweupe. Mwenye duka hakuambiwa kwamba mfumo wake endeshi umezeeka. Aliona tu kwamba ukurasa wa ritani haufunguki tarehe ya mwisho ikiwa kesho, akamwita fundi, naye fundi akampa jibu lenye bei. Uhamaji mwingi wa miaka hiyo ulifanyika ndani ya siku mbili, chini ya tishio la faini. Tangazo la mwaka mmoja kabla kutoka Microsoft halikuwa na nguvu kama hiyo.

Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilitolewa bure kwa mwaka mzima kwa wenye Windows 7 na 8.1 halali. Mjini Arusha ilianza na sifa mbaya. Mkongo wa SEACOM ulikuwa umefika Dar es Salaam Julai 2009 na bei ya intaneti imeshuka, lakini ofisi nyingi ndogo ziliendelea kuingia mtandaoni kwa bando la simu. Windows 10 ilipakua masasisho yake yenyewe, kimya kimya, na bando la wiki likaisha asubuhi moja. Mafundi walijibu kwa kwenda kwenye mipangilio na kuuambia mfumo kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo, ili upakuaji usimame. Ilikuwa suluhisho halali na la busara, lakini lilirudisha mazoea yale yale ya XP. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya kompyuta duniani kote na kudai fidia, wengi walioumia walikuwa na Windows 7 ambayo haikupokea kiraka cha mwezi Machi.

Tatizo la pili la Windows 10 lilikuwa mwendo. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, laptopu ya miaka mitano iliweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kuandika herufi moja. Diski za SSD ziliposhuka bei, mafundi waligundua kwamba SSD ya gigabaiti 256 na kuongeza RAM hadi gigabaiti 8 kunaifanya mashine hiyo iwake kwa sekunde chache. Kwa mara ya kwanza fundi alikuwa na kitu cha kumuuzia mteja ambacho mteja alikiona kwa macho, na Windows 10 ikafungwa pamoja nacho bila mjadala.

Windows 7 ilifikia mwisho wa utunzaji tarehe 14 Januari 2020, na kwa Arusha siku hiyo ilikaa mahali pabaya. Miezi miwili baadaye utalii ulisimama. Ndege za abiria kutoka nje zilizuiwa Aprili hadi katikati ya Mei, na hata anga lilipofunguliwa wageni walichelewa kurudi. Kampuni ya safari yenye magari saba yaliyoegeshwa Sakina haikuwa na hoja ya kununua kompyuta. Wakati huo huo mazungumzo na wateja yalikuwa yamekwisha kuhamia WhatsApp, na malipo madogo yalipita M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008. Biashara nyingi changa za baada ya hapo, saluni, wauza nguo wa mtandaoni, mawakala wa mazao wa Tengeru, hazikununua kompyuta kabisa. Mfumo wao endeshi ni Android wa simu ya mkononi, na hubadilika simu inapovunjika au kuibwa.

Watalii waliporudi, mashine za mtumba zilikuwa zimebadilika kwa njia ambayo haikutangazwa. Tangu Windows 8 watengenezaji wakubwa huchoma ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama. Laptopu iliyotumika ofisini Ulaya na kuuzwa Barabara ya Sokoine mara nyingi hujisajili yenyewe inapofungiwa Windows 10 ya aina ile ile. Idadi kubwa ya biashara ndogo za Arusha zikawa na mfumo endeshi halali bila kukusudia, na kazi ambayo matangazo ya haki miliki hayakuiweza kwa miaka ishirini ikafanywa na kontena.

Windows 11 ya Oktoba 2021 iliweka mpaka wa chuma. Ilidai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane na kuendelea. HP EliteBook 840 G3, mojawapo ya laptopu zilizozagaa sana katika soko la mtumba, ina prosesa ya kizazi cha sita, na G4 ya saba. G5 ndiyo ya kwanza kuvuka. ThinkPad T470 imebaki nyuma ya mpaka, T480 imevuka. Tofauti ambayo zamani haikumhusu mnunuzi ikaingia kwenye lugha ya kaunta: mteja anauliza kwanza kama mashine ni "Gen 8", na bei inapanda kuanzia hapo. Fundi naye ana njia ya kuzunguka, programu ya Rufus inayoandaa flashi ya kufunga Windows 11 bila kukagua TPM. Mashine hufanya kazi, lakini Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa chuma isichokikubali, na fundi mwaminifu humweleza mteja hilo kabla ya kupokea pesa.

Tarehe 14 Oktoba 2025 utunzaji wa kawaida wa Windows 10 ulikoma. Mtumiaji binafsi aliruhusiwa kununua mwaka mmoja wa viraka vya usalama kwa dola 30, au kuvipata bila malipo kwa kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Kampuni ziliwekewa dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza, bei ikiongezeka maradufu kila mwaka kwa miaka mitatu. Kwa ofisi yenye laptopu nne za kizazi cha sita, mwaka wa pili wa viraka ni mzigo mzito. Kwa hiyo njia inayotumika mjini ni kugawa mashine kwa kazi. Moja ya Gen 8 inanunuliwa kwa ajili ya ritani za kodi, benki, NeST na barua pepe za wageni. Zilizobaki zinaendelea kuchapa, kupiga kopi na kutunza stoo, zikiwa na flashi zinazokaguliwa kwanza. Ile ya Tally yenye printa ya nukta, pale ilipo, inachomolewa waya wa mtandao, na nakala ya hesabu zake inachukuliwa kila Jumamosi kwenye diski ya nje.